Lugha ya Nyumbani na Darasa la Juu: Habari za Kihispania katika Shule za Sekondari za Marekani

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa kadiri nafasi ituruhusuvyo, jinsi Kihispania kilivyoingia na kukua katika shule za sekondari za Marekani, hasa katika yale madarasa ya juu ambamo mwanafunzi hutakiwa kuijua lugha pamoja na utamaduni wa wenye lugha. Huenda msomaji akauliza: sisi walimu wa Kiswahili tuna haja gani na Kihispania cha Wamarekani? Haja ipo. Sisi tunaofundisha mbali na pwani, katika nchi za jirani, tuna madarasa yenye watoto wa namna mbili. Wapo wanaoisikia lugha hii kwa mara ya kwanza kinywani mwa mwalimu, na wapo walioipata nyumbani, katika mitaa kama Buyenzi mjini Bujumbura au Biryogo mjini Kigali. Walimu wa Kihispania wa Marekani wamekuwa na mchanganyiko kama huo kwa zaidi ya miaka mia moja; wamekosea na wamepatia, nao wameyaandika mengi ya hayo katika majarida yao wenyewe.

Kwanza yafaa tuondoe dhana kwamba Kihispania ni mgeni katika nchi hiyo. Mji wa St. Augustine katika Florida ulianzishwa na Wahispania mwaka 1565, kabla Waingereza hawajajenga Jamestown mwaka 1607. Tena, baada ya vita baina ya Marekani na Mexico, mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa mwaka 1848 uliipa Marekani nchi kubwa ya magharibi pamoja na watu wake, nao walikuwa wakisema Kihispania majumbani, kanisani na sokoni. Katiba ya kwanza ya California, ya mwaka 1849, iliagiza sheria zitangazwe kwa Kiingereza na Kihispania; katiba ya mwaka 1879 ikaliondoa agizo hilo. New Mexico, iliyokubaliwa kuwa jimbo mwaka 1912, iliandika katika katiba yake kwamba walimu waandaliwe kuzijua lugha zote mbili ili waweze kuwafundisha watoto wasemao Kihispania. Hao, basi, hawakuvuka mpaka wowote. Mpaka ndio uliowavuka wao.

Lakini wasomi wa mashariki ya nchi hiyo walikuwa na Kihispania chao kingine, cha maktaba. Mwaka 1787 Thomas Jefferson alimwandikia mpwa wake, Peter Carr, akimhimiza ajifunze Kihispania, kwa kuwa uhusiano na Hispania na makoloni yake ungekuwa na maana kubwa siku zijazo, na kwa kuwa sehemu kubwa ya historia ya kale ya bara la Amerika iliandikwa kwa lugha hiyo. Mwaka 1819 George Ticknor alishika kiti cha uprofesa wa Kifaransa na Kihispania katika Chuo Kikuu cha Harvard, na mwaka 1849 akatoa historia yake kubwa ya fasihi ya Kihispania. Hapo ndipo ulipoanza mgawanyiko tunaotaka kuufuata katika makala haya: Kihispania cha vitabu kikiheshimiwa Harvard, na Kihispania cha vinywa kikidharauliwa Texas.

Katika shule za sekondari lugha hii ilikaa kitako kwa muda mrefu. Kilatini kilitangulia, kikifuatwa na Kijerumani na Kifaransa. Mwaka 1915 karibu robo nzima ya wanafunzi wa sekondari za serikali walikuwa wakisoma Kijerumani, ilhali waliosoma Kihispania hawakufika watatu katika kila mia. Ndipo ilipokuja Vita Kuu. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Kijerumani kiligeuka kuwa lugha ya adui. Vitabu vyake viliondolewa madarasani, na majimbo kadhaa yakakipiga marufuku. Kufikia mwaka 1922 wanafunzi wa Kijerumani hawakutimia hata mmoja katika kila mia, na wa Kihispania walikuwa kama kumi na mmoja. Mfereji wa Panama ulikuwa umefunguliwa mwaka 1914, wafanyabiashara wakiyatazama masoko ya kusini, na walimu wengi waliokuwa wakifundisha Kijerumani walilazimika kujifunza Kihispania kwa haraka ili wasipoteze kazi. Si aibu kusema kwamba somo hili lilistawi kwa msiba wa somo jingine. Mara nyingi lugha huingia shuleni kwa mlango wa siasa, na ubora wake wenyewe hutajwa baadaye.

Mwaka huohuo wa 1917 walimu wa Kihispania walianzisha chama chao, rais wake wa kwanza akiwa Lawrence Wilkins wa New York. Wito wa chama ulikuwa «Todos a una», yaani sote kwa pamoja, na jarida lake likaitwa Hispania. Mwaka 1944 Kireno kiliongezwa katika jina la chama, nacho kingali hai hata leo.

Mhariri wa kwanza wa jarida hilo, Aurelio Espinosa wa Chuo Kikuu cha Stanford, anastahili tumtazame kwa makini. Alizaliwa Colorado mwaka 1880 katika jamaa ya Kihispania ya huko huko. Utafiti wake wa kwanza ulihusu Kihispania cha New Mexico, yaani lugha ya watu wake. Alikusanya hadithi, methali na tenzi za kale ambazo wazee walikuwa wakiziimba katika mabonde ya huko, karne tatu baada ya babu zao kuzileta kutoka Hispania. Hata hivyo jarida alilolihariri lilikuwa na kazi ya kuwapa walimu kipimo kimoja cha lugha, na kipimo kilitafutwa ng'ambo. Katika juzuu ya kwanza, ya mwaka 1918, Ramón Menéndez Pidal, mtaalamu mkuu wa lugha huko Madrid, aliandika kuhusu lugha ya Kihispania na aina ifaayo kufundishwa. Kwake yeye tofauti baina ya Hispania na Amerika hazikuwa kubwa, lakini matamshi ya Castilla ndiyo yaliyofaa kuwa msingi wa mafunzo. Basi ikawa kwamba mtoto wa Texas, jirani wa Mexico, alifundishwa kutamka herufi z kwa ncha ya ulimi baina ya meno, kama wafanyavyo watu wa Madrid na wasivyofanya jirani zake wote.

Msomaji wetu hatashangaa. Miaka kumi baadaye, katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi yake. Hatusemi kwamba uchaguzi ulikuwa mbaya. Lugha ya shule haiwezi kuandikwa kwa lahaja kumi. Tunalosema ni kwamba kila uchaguzi wa namna hii humfanya mtoto fulani, ambaye jana alikuwa msemaji mzuri nyumbani kwao, aamke leo akiwa mkosaji darasani.

Huko Texas mambo yalizidi kuwa mazito. Sheria ya mwaka 1918 ilifanya kuwa kosa kwa mwalimu wa shule ya serikali kufundisha kwa lugha yoyote isipokuwa Kiingereza. Lakini sheria hiyohiyo iliruhusu lugha nyingine, Kihispania kikiwamo, zifundishwe kama somo katika sekondari. Tuyatafakari maneno haya. Mtoto wa miaka saba aliyesema Kihispania uwanjani alipigwa au alibakishwa shuleni baada ya masomo. Mwanafunzi wa miaka kumi na sita aliyekitamka kwa shida katika darasa la sekondari alipewa alama. Na kwa kuwa watoto wengi wa jamaa za Kimexico waliacha shule kabla ya kufika sekondari, lugha yao iliwangoja katika darasa wasilolifikia. Wasomaji wetu waliosoma katika shule ambamo mtoto alivikwa kidude shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kisa kimoja kimehifadhiwa vizuri. Katika mji mdogo wa Marfa, magharibi ya Texas, palikuwa na shule ya watoto wa asili ya Kimexico, iliyojulikana kama Blackwell. Ilifunguliwa mwaka 1909 na kufungwa mwaka 1965. Mwaka 1954 wanafunzi wa shule hiyo waliambiwa waandike maneno ya Kihispania juu ya vipande vya karatasi. Vipande vilitiwa sandukuni, na sanduku likazikwa karibu na mlingoti wa bendera. Ilikuwa maziko ya «Bwana Kihispania». Mwaka 2007 wazee waliosoma hapo walikutana tena mahali pale, nao wakafukua kamusi ya Kihispania iliyokuwa imefukiwa kwa ajili ya siku hiyo. Mwaka 2022 sheria ya taifa iliifanya shule hiyo kuwa mahali pa historia ya nchi.

Sasa tuje kwenye darasa la juu lenyewe. Mwaka mmoja tu baada ya maziko ya Marfa, yaani mwaka 1955, taasisi iitwayo College Board ilipokea usimamizi wa mpango wa Advanced Placement, na mitihani yake ya kwanza ikafanywa mwaka 1956. Nia ya mpango huo ilikuwa kuwapa vijana hodari wa sekondari masomo ya kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, na mtihani wenye alama kutoka 1 hadi 5, ambao vyuo vingeweza kuukubali. Kihispania kilikuwa miongoni mwa masomo ya mwanzo, na kilimaanisha fasihi. Waliokifanya walikuwa wachache, wengi wao wa shule zenye uwezo. Mwezi Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa. Fedha zilimiminwa katika lugha za kigeni. Hata Kiswahili katika vyuo vikuu vya Marekani kilipata fungu lake. Shule zikajenga maabara za lugha, na wanafunzi wa miaka ya 1960 wakavalishwa visikizio kichwani, wakakariri mazungumzo yaliyonaswa katika kanda mpaka wakayajua kwa moyo. Njia hiyo ilimfundisha mtu kujibu upesi, mradi aulizwe maneno yaleyale ya kwenye kanda.

Aliyetia sahihi sheria ya kwanza ya elimu ya lugha mbili, Januari 1968, alikuwa Rais Lyndon Johnson. Yeye mwenyewe, alipokuwa kijana mwaka 1928, alifundisha watoto wa Kimexico katika mji wa Cotulla, Texas, akisisitiza waseme Kiingereza tu. Walikuwa watoto maskini, naye aliwakumbuka maisha yake yote. Twaona jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwa pande zote mbili za historia.

Mwezi Machi wa mwaka huohuo maelfu ya wanafunzi wa mashariki ya Los Angeles walitoka madarasani mwao na kuandamana. Shule zao, Garfield, Roosevelt, Lincoln na nyingine, zilikuwa na hali duni. Walidai vitabu vyenye historia ya Wamexico, walimu wanaowaelewa, na kwamba mtoto asiadhibiwe kwa kusema Kihispania. Mwalimu Sal Castro wa Lincoln, aliyesimama nao, alikamatwa na kuondolewa kazini, na baadaye akarudishwa. Tunaona kwamba tarehe hii ina uzito mkubwa katika historia ya ufundishaji wa Kihispania kuliko maabara zote za lugha, ingawa vitabu vya mbinu za kufundishia huipita kimya.

Chama cha walimu nacho kilianza kusikia. Mwaka 1972 jarida la Hispania lilichapisha ripoti juu ya kuwafundisha Kihispania wale waliozaliwa nacho, na mwaka 1981 Guadalupe Valdés na wenzake walitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Hoja ni rahisi kuieleza na ngumu kuitimiza. Mtoto wa nyumbani hahitaji kufundishwa kusema «mimi naitwa fulani». Anaielewa bibi yake akisimulia, anajua mzaha na matusi, anajua lini anyamaze. Asichokijua ni kuandika barua kwa mkuu wa ofisi, kuweka alama za mkazo mahali pake, na kusoma insha yenye hoja. Kumweka katika darasa la wanaoanza ni kumchosha. Kumpeleka moja kwa moja kwenye darasa la fasihi, kabla hajafundishwa kuandika, ni kumtupa mtoni. Akiwekwa pamoja na mgeni mwenye kukariri sarufi vizuri, hutokea jambo la kusikitisha: katika karatasi ya majina ya vitenzi mgeni humshinda mwenye lugha, na mwenye lugha huamini kwamba hajui lugha yake.

Mtihani wenyewe ulilijua tatizo hili. Kwa miaka mingi College Board iliwauliza watahiniwa kama wanaisema au kuisikia lugha nyumbani kila mara, au kama wamepata kuishi mwezi mmoja au zaidi katika nchi inakosemwa. Matokeo ya wasio na hali hizo yalitazamwa mbali, nayo ndiyo yaliyosaidia kupima ugumu wa mtihani, ili kijana aliyejifunza darasani tu asionewe. Hilo ni haki. Lakini tugeuze upande wa pili tuone: kipimo cha lugha kilisimikwa juu ya wale wasioisema nyumbani.

Kuanzia mwaka 2014 mtihani ulipewa sura mpya, na jina lake likawa la Lugha na Utamaduni wa Kihispania. Sarufi ilikoma kuulizwa peke yake. Katika sura hiyo mtahiniwa alijibu barua ya heshima kwa njia ya kompyuta. Aliandika insha ya kutetea rai yake baada ya kupata habari tatu, moja ya kusoma, moja ya takwimu na moja ya kusikiliza. Alizungumza na sauti iliyorekodiwa, akipewa sekunde 20 kila zamu. Na mwisho alisema kwa dakika 2 akilinganisha jambo fulani la jamii yake na la jamii mojawapo isemayo Kihispania.

Sehemu ya barua twaipenda zaidi. Kihispania kina neno «tú» kwa mtu wa rika au wa karibu, na «usted» kwa mtu wa kuheshimiwa, na kitenzi hufuata. Anayemwandikia mkurugenzi asiyemjua kwa «tú» hajavunja kanuni ya sarufi hata moja, lakini amekosa adabu, na alama zake hupungua. Ni kama mtahiniwa wetu amwandikie mzee kwa kumwita «wewe» bila «shikamoo». Hapo lugha na utamaduni haziwezi kutenganishwa, na mtihani unapima kitu kilichopo kweli.

Kulinganisha tamaduni kwa dakika 2 tunakutilia shaka. Ni bora kuliko kukariri majina ya miji mikuu na ngoma za taifa, hilo twalikubali. Lakini mfikirie msichana wa Los Angeles ambaye wazazi wake wametoka Oaxaca. Anaambiwa alinganishe «jamii yako» na jamii ya wasemao Kihispania. Yake ni ipi? Mwalimu mwema humwambia achague upande mmoja tu na kuendelea, kwani saa inakwenda.

Kuna mkasa mwingine ambao twaona ndio wa kufundisha kuliko yote. Katika mabonde ya New Mexico wazee husema «truje» kwa maana ya nilileta, na «vide» kwa maana ya niliona. Kihispania sanifu cha leo husema «traje» na «vi». Mwalimu wa darasa la lugha huyapigia mstari mwekundu maneno ya mtoto. Mwaka unaofuata, mtoto akipanda darasa la fasihi, hufunguliwa sura za Don Quijote, na huko kwa Cervantes hukutana na «truje» ileile ya bibi yake, ikiwa na maelezo chini ya ukurasa kwamba ni umbo la kale lenye kuheshimika. Watu wa New Mexico hawakuiharibu lugha; waliihifadhi kama walivyoipokea.

Nasi tunao mkasa huo. Mtoto wa Lamu husema «ndia» na «mato», naye husahihishwa aandike «njia» na «macho». Akifika kidato cha juu anapewa Al-Inkishafi, na mwalimu anatumia kipindi kizima kuwaeleza wenziwe kwamba «ndia» maana yake ni njia. Huyo mmoja darasani aliyejua bila kuelezwa, nani aliyemwuliza?

Katika nchi zetu za jirani hali ni ngumu zaidi, kwa sababu Kiswahili cha Buyenzi, cha Bukavu au cha Lubumbashi hakina Al-Inkishafi ya kukitetea. Hakipati hata ile heshima ya kuitwa cha kale. Mwalimu mwenye wanafunzi hamsini na saa tatu kwa wiki hawezi kufungua darasa la pekee kwa watoto wanne wa mtaa wa Waswahili, kama shule kubwa za California zilivyofanya. Hata huko California njia haikunyooka: mwaka 1998 wapiga kura waliibana sana elimu ya lugha mbili, mwaka 2011 jimbo hilohilo likawa la kwanza kuidhinisha muhuri maalumu katika cheti cha mwanafunzi anayemaliza sekondari akiwa na lugha mbili, na mwaka 2016 wapiga kura wakalegeza kile walichokikaza.

Kinachowezekana kwetu ni kidogo, na baadhi ya wenzetu wanakifanya tayari. Mwalimu anapoanza muhula huwaandikisha wote kipande kifupi na kuwasikiliza wote wakisimulia, ili ajue nani anahitaji msamiati na nani anahitaji maandishi. Neno la mtaani likijitokeza katika insha, halipigwi mstari mwekundu mara moja. Huandikwa ubaoni pamoja na lile sanifu, mtoto aliyelileta akaeleza linatumiwa na nani na wakati gani, kisha darasa zima likaambiwa lipi litakiwalo katika mtihani. Kazi hiyo huchukua dakika tano. Espinosa aliifanya kwa miaka mingi akiwa na daftari lake miongoni mwa wazee wa New Mexico, na orodha zake zingali zikisomwa.